Kitundu Kimoja, Kazi Mbili

Vijana wengi siku hizi wanazitoa kabatini kamera za filamu walizoachiwa na babu zao. Wanazipangusa vumbi, wananunua mkanda kwa bei ambayo babu mwenyewe angeguna, wanapiga picha zote 36 kwa furaha ya sikukuu, halafu wanapokea bahasha iliyojaa nyuso zilizofifia na kuta zinazoonekana vizuri kuliko watu waliosimama mbele yake. Lawama zote zinaishia kwa kamera. Mara nyingi kamera haina kosa lolote. Imefanya kile ilichoamriwa, isipokuwa mwamrishaji hakujua kwamba anatoa amri.

Simu hukuamulia mambo mawili kabla hujagusa kioo: kitu gani kionekane wazi, na mwanga uingie kiasi gani. Kamera ya zamani inakuachia wewe yote mawili. Vitabu vingi vya mafunzo huyatenga, sura moja ya kulenga na sura nyingine ya mwanga, na naamini mgawanyo huo ndio unaowapoteza wanaoanza. Kwenye lenzi mambo haya yanakaa pamoja. Kuna kitundu kimoja tu katikati ya vioo, na ukikibadilisha umegusa kiasi cha mwanga na umegusa pia ukubwa wa eneo litakalotoka wazi. Kwa hiyo nitashauri jambo moja ambalo mengine yote yanalifuata: amua kitundu kwanza, kwa kujiuliza unataka nini kionekane, kisha mwanga uutafutie hesabu yake kwingine.

Shika lenzi uitazame. Kwenye pete moja utaona namba 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, pengine na 22. Hizo ni namba za kitundu, na zinakwenda kinyume na mategemeo: namba ndogo ndiyo kitundu kikubwa. Sababu yake ni hesabu ya kugawanya. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa f/2, kitundu chake kina upana wa milimita 25, yaani 50 gawanya kwa 2. Ikiwekwa f/16 kitundu kimebaki na upana wa milimita 3 na ushee. Kutoka namba moja hadi inayofuata mwanga hupungua kwa nusu, na ukirudi nyuma huongezeka maradufu. Wapiga picha huiita hatua moja.

Shata, yaani kifuniko kinachofunguka kwa muda kupitisha mwanga, nayo ina hatua zake: 1/30 ya sekunde, 1/60, 1/125, 1/250, 1/500, 1/1000. Na filamu ina namba yake, ambayo wazee waliita ASA na leo inaandikwa ISO: 100, 200, 400, 800. Namba kubwa maana yake filamu inahitaji mwanga mdogo zaidi. Kwa kuwa vyote vitatu hupanda na kushuka kwa maradufu na kwa nusu, unaweza kuchukua huku ukarudisha kule. Picha ya f/16 kwa 1/125 na picha ya f/8 kwa 1/500 zinapokea mwanga uleule. Mtazamaji, hata hivyo, anaona picha mbili tofauti: katika ya kwanza, bibi na nyumba iliyo nyuma yake wote wako wazi; katika ya pili nyumba imeanza kuyeyuka, bibi akabaki peke yake.

Kuyeyuka huko kunapimika. Chukua lenzi ya milimita 50, mlenge mtu aliye umbali wa mita 1.5, fungua f/2. Eneo litakalotoka wazi lina kina cha sentimita 10 hivi kwa jumla, mbele na nyuma ya pale ulipolenga. Ukilenga ncha ya pua, sikio halimo tena. Ukifunga hadi f/8 bila kusogea, kina kinavuka sentimita 40, na kichwa chote kinaingia pamoja na mabega. Rudi nyuma hadi mita 3, funga f/11, na kila kilicho kati ya mita 2 na kidogo hadi karibu mita 5 kitaonekana vizuri. Hapo ndipo pa kupigia picha ya ukoo mzima siku ya Idi, safu tatu, watoto wameketi chini. Wanaopiga kundi la watu 15 kwa f/2 kwa sababu ndani kuna giza hupata shangazi mmoja aliyetoka vizuri na ndugu 14 wa kukisiwa.

Umbali una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Ukisogea karibu, kina kinapungua haraka sana, na lenzi ndefu ya milimita 135 inakipunguza zaidi. Ndiyo maana picha ya uso wa mtu aliye karibu ni ngumu kulenga, wakati ile ya bandari nzima karibu inajilenga yenyewe.

Sasa mkono wenyewe. Kamera nyingi za zamani zenye kioo cha kugeuza picha, kama Pentax K1000 iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, hukuonyesha kwenye dirisha la kulengea picha kwa kitundu kikubwa kabisa cha lenzi, hata kama pete umeiweka f/16. Kitundu hujifunga pale tu unapobonyeza. Jambo hili linawachanganya wengi: wanaona ukuta wa nyuma umefifia vizuri, wanafurahi, kisha picha inatoka na kila kopo na kila waya wa umeme uliokuwa nyuma. Ulichokiona dirishani ni cha kulengea tu. Kuhusu kina, amini namba, au tazama mistari ya jozi iliyochorwa kwenye shingo ya lenzi, ambayo inaonyesha kwa kila kitundu eneo lililo wazi linaanzia wapi na kuishia wapi.

Katikati ya dirisha kamera nyingi zina duara lililokatwa katikati. Nusu ya juu na nusu ya chini hazikutani mpaka umelenga sawasawa. Duara hili linataka mstari. Usilielekeze kwenye shavu, kwa sababu shavu halina kitu cha kukatika. Tafuta ukingo wa kope, fremu ya miwani, ukosi wa shati, ukingo wa kofia. Zungusha pete ya kulengea hadi mstari uungane, upite kidogo, kisha urudi. Kupita na kurudi kunalifundisha jicho kutambua kilele. Kwa picha ya mtu, lenga jicho, na kama amegeuka pembeni lenga lile lililo karibu nawe. Ukishalenga kwa f/2 usiyumbe mbele wala nyuma: sentimita 10 unazo, na pumzi peke yake inaweza kukuondolea nusu yake.

Mwenye Zenit-E ya Kirusi na lenzi yake ya Helios ana kazi ya ziada. Katika nyingi ya lenzi hizo kitundu hakijifungi chenyewe. Unafungua hadi mwisho, unalenga, kisha unazungusha pete hadi namba uliyochagua, halafu ndipo unabonyeza. Ukisahau kufunga mchana wa jua, negativi inatoka nzito kama lami. Kamera hizi zinafundisha subira, na bado nazipenda kwa sababu hazikuachi ufanye jambo bila kulifikiri.

Kuna njia nyingine ya kulenga inayofaa mitaani na sokoni, ambako mtu hakusubiri uzungushe pete. Tumia lenzi ya milimita 35, funga f/8, weka alama ya umbali kwenye mita 5 na usiguse tena. Kila kitu kuanzia mita 2.5 na ushee hadi upeo wa macho kitakuwa wazi vya kutosha. Kwa lenzi ya milimita 50, f/8 inakutaka uweke mita 10, na uwazi unaanzia kama mita 5. Sasa wewe ni wa kukadiria umbali tu na kubonyeza. Urahisi huu usiwe sababu ya kuwaibia watu picha. Pwani hasa, omba ruhusa kwanza, na ukikataliwa funika lenzi. Kwa kitu kinachokimbia, kama watoto wanaocheza mpira ufukweni au ngalawa inayoingia, usikifuate. Lenga mahali kitakapopita, jiwe au nguzo, kisha usubiri kifike.

Kabla ya kulaumu kulenga, hakikisha hukutikisa. Kanuni ya zamani inasema kasi ya shata isipungue namba ya urefu wa lenzi: milimita 50 kwa 1/60, milimita 135 kwa 1/250 ili uwe salama. Chini ya hapo egemea ukuta, bana viwiko mbavuni, au tafuta stendi ya miguu mitatu.

Tuje kwenye mwanga wenyewe, na tuanze bila kipimo chochote, kwa sababu jua letu linapimika kwa macho. Kwa miaka mingi watengenezaji wa filamu walichapisha jedwali dogo ndani ya boksi, na msingi wake ni huu: juani, kivuli kikiwa na ukingo mkali, weka f/16 na shata iwe karibu na namba ya filamu. Filamu ya 100, weka 1/125. Filamu ya 200, weka 1/250. Filamu ya 400, weka 1/500. Ukingo wa kivuli ukilainika kwa wingu jepesi, fungua f/11. Kivuli kikionekana kwa shida, f/8. Wingu zito la masika, kivuli hakuna, f/5.6. Mtu akiwa amekaa kivulini, juu yake anga tupu, f/4. Upande wa pili, kwenye mchanga mweupe wa Paje au Diani wenye kurudisha mwanga machoni hadi unafumba, funga f/22. Usitazame anga kuamua. Tazama kivuli chako mwenyewe kilivyolala chini.

Jedwali hilo linadhani jua liko juu vya kutosha. Kwetu karibu na ikweta jua huzama wima na upesi. Saa kumi alasiri kanuni bado ina nguvu. Saa kumi na mbili jioni inaweza kuwa imekosea kwa hatua mbili au tatu, na kila baada ya dakika chache hesabu inabadilika. Wapenda mwanga wa dhahabu wa jioni, ambao ni karibu kila mtu, wapime upya kila picha. Mwanga huo jicho linauzoea kiasi kwamba unajiona bado mchana, huku filamu ikikaa gizani.

Na hapa uamuzi wa kitundu unarudi kwa nguvu. Umenunua filamu ya 400 kwa sababu mwenye duka alisema inafaa kwa kila kitu. Mchana wa jua inataka f/16 kwa 1/500. Unatamani picha ya mtu ambayo nyuma yake pameyeyuka, kwa mfano f/2.8. Hizo ni hatua tano za kufungua, kwa hiyo unahitaji shata ya 1/16000. Pentax K1000 inaishia 1/1000, Zenit-E inaishia 1/500. Picha hiyo haipigiki juani. Wenye nia ya kupiga sura za watu nje wachukue filamu ya 100 au 200 na wawahamishie watu wao kivulini. Ya 400 ni ya ndani, ya jioni na ya siku za mawingu.

Kuhamia kivulini kuna faida nyingine. Saa sita mchana jua liko utosini, na macho ya mtu yanazama katika mashimo mawili meusi ambayo hakuna filamu itakayoyaokoa. Mpeleke barazani. Katika vichochoro vya Lamu na vya Mji Mkongwe wa Zanzibar jua hugonga ukuta uliopakwa chokaa upande wa pili, likarudi laini usoni mwa aliyeketi kivulini. Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alipiga sehemu kubwa ya kazi yake kwa mwanga wa jua uani, kwa kamera kubwa ya filamu za sentimita 13 kwa 18, na kwa kawaida picha moja tu kwa kila mteja kwa kuwa filamu ilikuwa ghali. Picha hizo leo zimetundikwa katika makumbusho makubwa ya dunia, na ngozi ndani yake ina kila daraja la weusi, tangu mng'ao wa paji la uso hadi kivuli chini ya kidevu. Taa za gharama hakuwa nazo nyingi. Alijua wapi pa kumkalisha mtu.

Suala la ngozi linataka tulipe muda, maana ndipo penye hasara kubwa kwa wapiga picha wetu. Kwa miongo mingi maabara zilirekebisha rangi za picha kwa kutumia kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke mzungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley. Rangi ikitoka sawa kwake, ilihesabiwa imetoka sawa kwa wote, na katika picha ya watu mchanganyiko mweusi alibaki meno na macho. Filamu za sasa ni bora zaidi kwa mbali. Kosa lililobaki ni la kipimo, na hilo unaweza kulirekebisha mwenyewe.

Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kinapokea mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu, kinadhani dunia nzima ni ya kijivu cha katikati, na kinakupa namba za kuigeuza iwe hivyo. Ukikielekeza kwenye kanzu nyeupe iliyojaza dirisha, kitasema mwanga ni mwingi mno, funga; ukikitii, kanzu itatoka ya kijivu na uso ulio juu yake utazama gizani. Ukikielekeza kwenye buibui jeusi, kitasema fungua, na buibui litatoka limechuja. Basi mtu akisimama mbele ya ukuta wa chokaa, mbele ya anga, au mbele ya dirisha lililo wazi, kipimo kinasoma kile cheupe na mtu anaadhibiwa kwa weupe usio wake. Katika picha nyingi nilizoona watu wakilaumu kwamba filamu haipendi weusi, tatizo lilikuwa anga iliyokuwa nyuma.

Dawa yake ni kusogea. Nenda karibu hadi uso peke yake ujaze dirisha, soma kipimo, weka namba, kisha rudi ulipokuwa na upige bila kujali sindano inalalamika nini. Ngozi nyeusi iko chini ya kijivu cha katikati kwa kama hatua moja, kwa hiyo kipimo cha uso kitakupa mwanga wa ziada kiasi hicho. Kwa filamu ya negativi acha ziada hiyo, haina madhara na mara nyingi inafaa. Kama huwezi kumsogelea mtu, tumia kiganja chako. Viganja vya watu wa rangi zote havitofautiani sana, na viko juu ya kijivu kwa karibu hatua moja. Kiweke kwenye mwanga uleule unaompiga yule mtu, kipime, kisha ufungue hatua moja. Ukipima kanzu yenyewe, fungua hatua moja na nusu hadi mbili. Ukipima buibui, funga kiasi hicho. Bwana harusi wa kanzu na bibi harusi aliyejifunika nyeusi wakisimama bega kwa bega, usipime mmojawapo: pima kiganja, uwape wote namba moja.

Kuna pia vipimo vya mkononi vyenye kichuguu cheupe, ambavyo hupima mwanga unaomwangukia mtu badala ya ule unaorudi kutoka kwake. Hivyo havidanganywi na rangi ya nguo wala ya ngozi. Programu za simu zipo nyingi na nyingi zinatosha kwa kuanzia.

Kipimo cha ndani cha kamera kuukuu kihakikishe kabla ya kukiamini. Cha Zenit-E hutumia seleni, hakihitaji betri, lakini huchoka kwa miaka mingi ya kukaa juani. Kamera kadhaa za miaka ya 1960 na 1970 zilitumia betri za zebaki za volti 1.35 ambazo hazitengenezwi tena. Ukiweka ya alkali ya volti 1.5, kipimo kinaona mwanga mwingi kuliko uliopo na picha zinatoka na giza. Linganisha na programu ya simu kwenye ukuta mmoja uliopigwa na jua. Tofauti ikiwa ileile kila mahali, unaifidia kwa kubadilisha pete ya ISO. Ikiwa inayumba, kisahau kipimo hicho, tumia kivuli chako na lile jedwali.

Ukibaki na shaka, uegemee upande upi? Inategemea filamu. Ya negativi, ya rangi au ya nyeusi na nyeupe, inavumilia mwanga wa ziada wa hatua mbili bila kulalamika sana, na haivumilii upungufu: kivuli kisichopokea mwanga hakina kitu ndani yake, na hakuna fundi wa kukirudisha. Kwa hiyo fungua. Wengi huweka filamu ya 400 kwenye alama ya 200 na kuiacha hapo maisha yake yote, nami siwalaumu. Filamu ya slaidi ni kinyume chake. Ziada ya hatua moja inafuta mawingu na kuacha kioo kitupu, kwa hiyo huko pima sehemu yenye mwanga mwingi, na asiyezoea aachane nayo kwa sasa.

Flashi nitaipita kwa neno moja. Shata za pazia za kamera nyingi za zamani zina kasi ya mwisho ya flashi, 1/60 kwa kawaida, wakati mwingine 1/125, iliyotiwa rangi nyekundu au alama ya radi kwenye kirungu cha kasi ya shata. Ukiizidi, sehemu ya picha inatoka nyeusi kama iliyofunikwa kwa ubao.

Baada ya filamu kusafishwa, picha za karatasi au za skana zisikudanganye. Mashine ya duka hurekebisha kila picha ielekee kijivu, kama kipimo kinavyofanya, na hivyo huficha kosa lako. Ukweli uko kwenye negativi. Ishike mbele ya dirisha lenye mwanga laini. Negativi nyembamba, ambayo vivuli vyake ni plastiki tupu, ilikosa mwanga. Iliyo nzito mno, usiyoweza kuona kupitia kwake, ilizidishiwa. Halafu tazama ukingoni, kwenye namba na jina la filamu vilivyochapwa kiwandani. Namba zikiwa nzito na safi huku picha ni nyembamba, kosa ni la mpigaji. Namba zenyewe zikiwa zimefifia, dawa ya kusafishia ilikuwa hafifu au imechoka, na una haki ya kurudi dukani. Mkanda mzima ukiwa mtupu lakini namba ziko vizuri, filamu haikushika kwenye kirungu cha kuvutia. Siku nyingine, unapovuta mkono wa kusogeza filamu, angalia kama kile kishikio cha kurudishia upande wa kushoto nacho kinazunguka.

Kwa kulenga, tumia kioo cha kukuzia. Kama kila kitu kimefifia kuelekea upande mmoja, ulitikisa. Kama mtu amefifia na ukuta uko wazi, na shata ilikuwa ya haraka, ulilenga nyuma. Kama mikono tu imefifia, alicheza. Kila moja ina tiba yake, na anayezichanganya hununua lenzi mpya kwa tatizo la kasi ya shata.

Hali ya hewa yetu pia inaingia humu. Joto na unyevu wa pwani huzeesha filamu, na ukungu huota ndani ya lenzi iliyofungiwa kwenye mkoba wa ngozi. Lenzi yenye ukungu huonyesha kila kitu kama kimefunikwa na pazia, hata ukilenga sawasawa. Hifadhi filamu kwenye jokofu ndani ya kopo lake, iache nje saa moja au mbili kabla ya kulifungua, na usiiache kamera kwenye dashibodi ya gari. Filamu iliyopitwa na tarehe, kama ni ya negativi, ipe hatua moja ya ziada kwa kila miaka kumi, lakini usiipige harusini.

Mkanda wa kwanza utoe uwe wa kujifunzia. Mweke rafiki mvumilivu kivulini, mlenge jicho, mpige kwa f/2, f/5.6 na f/16, ukibadilisha shata ili mwanga ubaki uleule. Kisha, kwa kitundu kimoja, mpige kama kipimo kilivyosema, halafu hatua moja na mbili juu, moja na mbili chini. Rudia mbele ya ukuta mweupe, na rudia akiwa amevaa nyeusi. Andika namba za kila picha kwenye daftari hapohapo, kwa sababu filamu haiandiki chochote kwa niaba yako. Picha zinazobaki mkandani piga unavyopenda, hata paka.

Maduka yanayosafisha filamu yamebaki machache, na baadhi yake sasa yanatoa skana peke yake na kuzitupa negativi bila kuuliza. Kabla hujakabidhi mkanda wako, sema wazi kwamba negativi unazitaka, ziandikwe kwenye risiti, na usiondoke bila hizo.